Kadi Iliyoandikwa Kawaida

Kuuliza si ujinga. Methali hii watu wengi huitamka upesi na kuitii polepole. Maana yake ni kwamba mtu akikiri kuwa hajui jambo, akamwendea anayejua, hapungukiwi na kitu ila huongezewa. Ni maneno mepesi mdomoni. Uzito wake huonekana pale anayepaswa kuuliza anapoona haya, na anayepaswa kuulizwa naye akaona haya, wakanyamaza wote wawili kwa sababu wanapendana. Hayo ndiyo yaliyomfika daktari mmoja kijana ambaye tangu utotoni aliitwa Mbona.

Ijumaa moja asubuhi, Mbona alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya mkuu wa idara ya upasuaji. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa kusomea ubingwa, na siku hiyo madaktari wa mwaka wake walikuwa wakigawanywa: nani ashike mifupa, nani ashike watoto, nani ashike njia ya mkojo. Nafasi ya njia ya mkojo ilikuwa moja tu, na walioiomba walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa kijana mmoja mrefu waliyemwita Twiga, aliyeongoza darasa zima katika mtihani. Mbona alikuwa wa sita. Atakayekosa angepelekwa idara yoyote yenye upungufu, na angezeekea huko huko.

"Wakikuuliza sababu utasema nini?" Twiga alimuuliza akinyoosha tai yake.

"Bado nafikiri."

"Dada, unaingia vitani hujachagua mkuki?" Twiga alicheka. "Mimi nitasema mashine. Siku hizi jiwe la figo linavunjwavunjwa ndani kwa ndani, mtu anatoka bila hata kovu. Wazee hawa ukiwatajia mashine wanalainika kama siagi."

"Jibu ninalo," Mbona alisema. "Sijui tu kama nitaweza kulisema."

Twiga aliitwa kwanza. Mbona akabaki peke yake na jibu lake. Lilikuwa jibu refu, nalo lilianzia chini ya masinki ya watu.

Baba yake alikuwa fundi bomba. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, aliyeishia darasa la saba, na magoti yake yalikuwa yamekomaa kama soli kwa kushinda amepiga magoti kwenye sakafu za wengine. Mama alifariki Mbona akiwa na miaka minne, basi siku za likizo fundi alimchukua mtoto kazini. Jina la Mbona alilipatia huko. Mbona bomba hili ni jeusi? Mbona lile linatoka jasho? Mbona maji ya huku yanapanda juu? Watoto wengine wakiuliza hivyo huambiwa nendeni mkacheze. Fundi alijibu kila alipokuwa na jibu, na alipokosa alisema, "Sijui, mwanangu. Twende tukaulize."

Na kweli aliuliza, hata mabomba yenyewe. Katika majengo ya zamani, ukuta ukibomolewa hukutwa mabomba manne au matano yamelala sambamba, yamepakwa rangi moja, na aliyeyafunga keshazikwa. Mafundi wengine walibahatisha moja wakatia msumeno, mara nyumba ikageuka ziwa. Yeye hakukata bomba kabla halijajibu. Alimtuma Mbona ghorofani akatege sikio kwenye koki, kisha yeye akagonga huku chini kwa spana, ko, ko, ko.

"Ndilo?"

"Silo, baba!"

Akahamia la pili. Ko, ko, ko.

"Ndilo!"

Mafundi wenzake walimfanya kichekesho. "Wenzako tunafunga mabomba," walimwambia, "wewe kila bomba unalipigia hodi kama unaposa."

"Ndiyo," alijibu, "na sijawahi kukataliwa."

Siku moja waliitwa kwenye jengo la ofisi ambalo sakafu yake ya chini ilikuwa ikilowa. Mafundi watatu walikuwa wameshapita, na kila mmoja alikuwa amechimba shimo lake akaliacha wazi. Fundi aliyaangalia mashimo yale, hakugusa chombo. Alimwendea mama aliyekuwa akifagia.

"Mama, nisamehe kwa swali la kijinga. Hapa panalowa kila siku?"

"Kila siku. Ila Jumatatu nikija asubuhi nakuta pakavu."

"Jumamosi na Jumapili ofisi zinafungwa?"

"Zinafungwa."

Fundi akamgeukia binti yake, macho yake yanacheka. Bomba la maji safi halijui Jumapili. Likivuja, huvuja siku zote saba. Maji yanayopumzika mwisho wa juma ni maji yanayomwagwa na watu. Walipanda ghorofa ya pili wakakuta kiungo cha sinki moja kimeachia ndani ya ukuta. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Mama yule alikuwa na jibu miezi mitatu mizima, na hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

Mbona alipopata nafasi ya kusomea udaktari, fundi naye alisoma, ila yeye alisoma kwa mdomo. Kila likizo binti alipotua mkoba alikuta maswali yanamngoja mezani.

"Huo mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu, upana wake ni kama nini?"

"Kwa ndani? Kama mrija wa wino wa kalamu."

"Na mteremko wake?"

"Hautegemei mteremko, baba. Unajikaza na kujiachia, unasukuma mkojo kidogo kidogo."

"Hata mtu akiwa amelala?"

"Hata akisimama kwa kichwa."

Fundi aliweka kijiko chini. Alimtazama binti yake kama mtu aliyesikia habari za jamaa wa mbali. "Basi aliyeyafunga mabomba hayo," alisema, "hakuwa na haraka."

Wakati huo Mbona alikuwa akiwaza kuwa bingwa wa macho. Habari za mkojo zilikuwa utani wa mezani tu kati yake na baba yake.

Alipohitimu alipangiwa mwaka wa mafunzo kazini katika hospitali ya mji wao, akarudi kuishi nyumbani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na choo kilipakana na jiko. Alfajiri, akiwa anachemsha chai, alimsikia baba yake akiingia chooni. Zamani ilikuwa sauti moja, ndefu, isiyo na wasiwasi. Sasa kulikuwa na kimya kirefu, kisha matone, kisha kimya, kisha matone tena. Mtu aliyelelewa akitega sikio kwenye mabomba hakuhitaji kuambiwa. Alijua alichokisikia, na jina lake alilijua: tezi dume, ile tezi inayouzunguka mrija wa mkojo wa mwanamume, imekua na kuubana.

Lakini binti humwambiaje baba yake kwamba amemsikia chooni? Alikoroga chai kwa kelele ili asisikie.

Wiki chache baadaye, fundi mwenyewe alisogea. Alikuwa ameketi sebuleni akikaza skrubu ya kiti ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Kuna jamaa yangu mmoja kazini," alisema. "Mtu mzima, rika langu. Haja ndogo inamsumbua. Akiingia anakaa sana. Huo ni uzee tu, au vipi?"

Mbona alimjua jamaa huyo. Alijua pia kwamba akisema, "Jamaa huyo ni wewe, baba," kuna kitu kitavunjika pale sebuleni, na hakujua kitu hicho kingeungwaje tena.

"Mwambie aende hospitali wakamwangalie tezi," alisema, uso ameuelekeza dirishani.

"Nitamwambia."

"Asichelewe."

"Nitamwambia asichelewe."

Wakaishia hapo. Binti alikuwa amemtibu mtu asiyekuwepo, akamwacha aliyeketi mbele yake na bisibisi mkononi.

Ilipita miezi sita. Fundi akaanza kuvimba miguu, akachukia chakula, kisha akashikwa na kwikwi isiyokatika. Walipomfikisha hospitali, muuguzi alimtia mpira wa kutoa mkojo. Mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Mkojo uliokosa njia ulikuwa umerudi nyuma muda mrefu na kuziharibu figo zote mbili.

Hata kitandani pale hakuacha udadisi wake. Aliunyanyua ule mpira kwa vidole viwili akaukagua kama kifaa kipya dukani.

"Dada," alimwambia muuguzi, "huko ndani umeshikiliwa na nini usichomoke?"

"Una puto dogo kwenye ncha yake, mzee. Tukishauingiza tunalijaza maji."

"Kumbe maji yanazuiliwa kwa maji!" Fundi alimtazama binti yake kwa furaha ya kweli. "Umesikia? Na wewe miaka yote hiyo hukuwahi kuniambia."

Muuguzi alipoondoka, Mbona aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba, mbona hukuniambia unaumwa?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza habari za jamaa yako."

"Nawe ukanijibu habari za jamaa yangu." Alicheka, kwikwi ikamkatiza. "Ulijua kuwa ni mimi?"

"Nilijua."

"Na mimi nilijua kuwa umejua." Alitikisa kichwa polepole. "Ona watu wazima wawili."

Mashine ya kusafisha damu ilimpa siku kumi na tisa. Ya ishirini hakuiona.

Baada ya mazishi, Mbona alipokuwa akizikunja nguo za baba yake, alikuta kadi katika mfuko wa shati. Ilikuwa kadi ya kliniki ya presha, ya hospitali ile ile aliyokuwa akifanyia kazi yeye, na tarehe yake ilikuwa ya miezi minane nyuma. Katika kliniki hiyo, kila mwanamume aliyepita miaka hamsini huulizwa maswali matano mezani kabla ya kumwona daktari. La nne lilikuwa la mkojo. Karani alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: *kawaida*.

Aliulizwa, basi. Aliulizwa, naye akasema uongo, mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mteja mmoja. Jambo hilo lilimkosesha Mbona usingizi kuliko kifo chenyewe. Siku ya kurudi kazini alikwenda kusimama karibu na meza ile ili aone kwa macho yake. Meza ilikuwa katikati ya korido. Karani alikuwa binti mchangamfu mwenye sauti ya kuuzia samaki, na foleni ilikuwa imebanana nyuma ya anayehojiwa kama siafu.

"Baba, uzito tumemaliza. Haya, mkojo vipi?"

"Kawaida."

"Anayefuata! Mkojo?"

"Kawaida."

Hata mzee mmoja aliyekuwa akibadilisha mguu huu na huu kwa kubanwa, naye alisema kawaida. Siku hiyo Mbona aliacha kuwaza habari za macho, na ubingwa akaja kuusomea katika hospitali hiyo hiyo.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Twiga alitoka akitabasamu, akampa ishara ya dole gumba. Mbona akasimama, akaingia.

Waliokuwa ndani walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mkuu wa idara mwenyewe, profesa wa upasuaji wa njia ya mkojo, mzee nadhifu asiyependa maneno mengi. Wa pili alikuwa bingwa wa mifupa, mama mmoja mwenye mikono mipana na kicheko cha ghafla.

"Mwenzako ametuletea mashine," Profesa alisema. "Wewe umetuletea nini?"

"Nimeleta kadi, Profesa."

Akaiweka mezani, akasimulia yote: ukuta wa jikoni, chai iliyokorogwa kwa kelele, jamaa wa kazini. Hakujipamba. Alipomaliza alisema, "Mimi ni daktari niliyemsikia mgonjwa kupitia ukutani miezi sita, nikanyamaza. Sitaki tena kunyamaza. Hiyo ndiyo sababu yangu."

"Unatambua umesema nini mbele ya watu wanaokupima?" Profesa aliuliza.

"Natambua."

"Vizuri. Una swali kwetu?"

Hilo huulizwa kila mtu kwa adabu tu, na kila mtu mwenye akili hujibu kwamba hana. Mbona alikuwa nalo.

"Mbona wanaume wanaulizwa habari za mkojo kwenye korido, mbele ya foleni?"

Bingwa wa mifupa aliinamisha kichwa ili kuficha uso. Meza ile ilikuwa kazi ya Profesa. Ni yeye aliyeyaandika maswali yale matano, miaka kumi nyuma, na alikuwa amepongezwa kwa ajili yake.

"Maelfu ya wanaume wameulizwa pale," Profesa alisema, kila neno akilipima. "Mtu mzima akiulizwa swali la wazi hujibu. Asiyetaka kujibu, hata ukimpeleka kileleni mwa mlima, hatajibu."

"Wewe ungejibu pale?" mama yule alimtupia.

"Mimi siumwi."

"Sikukuuliza kama unaumwa."

Akacheka kile kicheko chake. Profesa hakucheka. Aliirudisha kadi kwa Mbona kwa ncha ya kidole.

"Jumatatu ni siku ya kliniki," alisema. "Kila atakayesema kawaida mezani, mchukue kando umuulize tena. Wakikujibu vilevile, nafasi ni ya mwenzako, na wewe utakwenda nitakakokupeleka bila kunung'unika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Profesa."

Jumatatu ikafika. Chumba pekee chenye mlango karibu na korido ile kilikuwa stoo ya mifagio. Mbona alisogeza ndoo na matambara, akaingiza viti viwili, akaanza kazi. Alimwingiza wa kwanza, kalamu mkononi, kadi magotini.

"Mkojo wako ni wa kawaida, mzee?"

"Kawaida."

Wa pili, kawaida. Wa tatu, kawaida. Wa nne alikasirika kwa kuulizwa mara mbili. Kufikia saa nne alikuwa amewahoji wanaume saba, na wote saba walikuwa kawaida. Alijiona ameshapelekwa huko anakopelekwa, na neno la Profesa limesimama: asiyetaka kujibu hatajibu.

Alipotoka kumwita wa nane, aliona kwamba mlango aliokuwa akiurudishia ulikuwa haufungi. Ulibaki na ufa wa upana wa mkono, na macho ya foleni yalipenya hadi ndani. Tena aliitazama kadi iliyokuwa mkononi mwake, na hapo akajisikia alivyokuwa akiuliza. Alikuwa akiwatilia jibu mdomoni. Neno la kusema alikuwa akiwapa yeye mwenyewe, wao kazi yao ilikuwa kulirudisha tu. Alizificha kadi chini ya ndoo iliyopinduliwa, akaitia kalamu mfukoni, na baada ya kumwingiza mtu wa nane aliusukuma mlango kwa bega hadi ukafunga.

Wa nane alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwenye fimbo na suti iliyopigwa pasi ikakubali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenifungia stoo, binti. Nimefanya kosa gani?"

"Hakuna kosa, mwalimu. Nataka kukuuliza juu ya haja ndogo."

"Nimeshajibu pale mezani. Mwanafunzi akishajibu, swali halirudiwi."

"Na mwanafunzi aliyejibu ili tu aruhusiwe kutoka nje?"

Mwalimu mkuu alimkazia macho yaliyowahi kunyamazisha madarasa. Mbona hakuyakwepa. Alisogeza kiti mbele kidogo, akateremsha sauti.

"Baba, ukiingia chooni, yanaanza mara moja au unasubiri?"

Mzee aliitazama fimbo yake, kisha mifagio, kisha mlango uliofungwa. Kimya kilikuwa kirefu. Mbona aliijua haja ya kukijaza kimya kile kwa neno lolote la heri. Ndivyo alivyofanya sebuleni kwao. Safari hii alikiacha.

"Nasubiri," mwalimu alisema hatimaye, "mpaka nasahau nilichofuata."

Mbona alicheka, hakuweza kujizuia. Mzee naye akacheka, na kicheko hicho kikafungua kilichobaki.

"Ukimaliza, unahisi umemaliza?"

"Mwanangu, sijamaliza tangu mwaka jana. Mke wangu anadhani naingia na gazeti. Nimeanza kuingia nalo kweli, nisionekane mwongo."

Mbona alimwomba alegeze mkanda, akampapasa tumbo. Kibofu kilikuwa kimevimba hadi kitovuni, kigumu kama tikiti chini ya ngozi. Hakusubiri chochote. Alimpeleka mwenyewe wodini, akampa mkono wa kushika walipokuwa wakipanda ngazi, na damu yake ikapelekwa maabara ipimwe figo.

Kisha akarudi stoo. Kuanzia hapo hakumuuliza mtu yeyote kama yuko kawaida. Aliuliza wanaamka mara ngapi, wanasubiri muda gani, yanakatika njiani au hayakatiki. Fundi wa viatu alisema alidhani ni adhabu ya ujana wake. Dereva mmoja mstaafu aliuliza kama kuna mwingine yeyote duniani mwenye shida hiyo, na alipoambiwa kwamba wawili wenzake wamepita asubuhi hiyo hiyo, machozi yalimlengalenga. Adhuhuri Mbona aliwafuata wale saba wa mwanzo huko walikokuwa wakingoja dawa, akawarudisha mmoja mmoja.

Saa nane Profesa alikuja. Alisimama mlangoni mwa stoo, mikono nyuma.

"Lete hesabu."

"Waliosema kawaida mezani ni ishirini na sita. Kumi na mmoja kati yao wana shida. Mmoja amelazwa, mwalimu mkuu mstaafu. Kibofu kilikuwa kimefika kitovuni."

"Figo zake?"

"Majibu yamerudi. Zimechoka, lakini hazijafa. Zitapona."

Profesa aligeuza uso akaitazama korido, ambako karani alikuwa akimpigia kelele anayefuata. Kwa miaka kumi alikuwa amepita kando ya meza ile kila Jumatatu, na kila mara aliiangalia kama mtu aangaliavyo nyumba aliyoijenga.

"Uliwauliza vipi?" alisema. Ilikuwa sauti ambayo Mbona hakuwahi kuisikia kwake.

"Kwanza nilifunga mlango, kisha..."

"La, usinieleze. Niulize."

"Nikuulize wewe, Profesa?"

"Nina miaka sitini na moja, na kazi yangu ni hii. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akaingia, akakikalia kiti cha wagonjwa, akausukuma mlango yeye mwenyewe kwa bega. Mbona aliketi mbele yake akauliza, kwa maneno yale yale aliyomuuliza mwalimu mkuu na kwa sauti ile ile. Alichojibu Profesa kilibaki ndani ya stoo ile. Ila wiki iliyofuata bingwa mwenzake kutoka hospitali nyingine alikuja kumwona, na hakuja kunywa chai.

Jumatano orodha ilibandikwa ukutani. Twiga alikuwa amepewa mifupa chini ya yule mama mwenye mikono mipana. "Mashine zangu zimeshindwa na stoo ya mifagio," alisema, akampa Mbona mkono bila kinyongo. Meza ya karani ilibaki koridoni kwa ajili ya uzito na presha. Swali la nne lilihamishiwa kwenye chumba chenye mlango unaofunga.

Mbona alilisoma jina lake mara mbili mbele ya nafasi ya njia ya mkojo. Alitamani kumpa habari hiyo mtu mmoja, aone maswali yatakayomtoka, na mtu huyo hakuwepo. Akasimama pale kitambo, watu wakimpita. Kisha akapanda wodini, kwa kuwa kulikuwa na wazee wanne waliolazwa asubuhi hiyo ambao bado hakuna aliyezungumza nao. Alivuta pazia la kitanda cha kwanza, akaketi, akasogeza kiti karibu. Waliosema zamani walisema kweli, na aliyechelewa kuwaamini alilijua hilo kuliko wote: kuuliza si ujinga.